Kila Kumi Ilisomeka Kumi na Moja

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ya Alhamisi, Bi Mwanarehema Matano anasimama kando ya nguzo ya tatu katika ghala moja la sabuni huko Changamwe. Mkono wake wa kulia umeshika mashine ndogo yenye umbo la bastola. Shingoni, kwa uzi wa katani, ananing'iniza kipande cha katoni kilichobandikwa lebo moja yenye mistari myeusi.

Lori limeingizwa kinyumenyume hadi mlangoni. Juu yake amesimama Mzee Tsuma Ruwa, kiongozi wa mahamali, mwenye umri wa miaka hamsini na mitano. Hii ni mara yake ya kwanza kuvuka lango hili tangu mwisho wa Januari.

"Mzee, koo bado unalo, au umeliuza pamoja na maji?" anamtania hamali mmoja aitwaye Kenga.

"Ninalo. Wewe angalia mgongo wako," anajibu Tsuma bila kucheka.

Bi Mwanarehema hacheki pia. Anapangusa jasho la kiganja kwenye leso aliyojifunga kiunoni, kisha anaishika mashine upya.

"Nimeambiwa leo nisifikiri," anasema kwa sauti ya chini. "Nifanye kazi kama siku zote. Lakini mtu akikwambia usiufikirie mkono wako, utafikiri nini kingine?"

Shehena iliyo ndani ya lori hilo haiendi kwa mnunuzi yeyote. Imepakiwa kwa ajili ya jaribio. Kabla ya adhuhuri, mkaguzi aliyetumwa kutoka makao makuu ya kampuni ataamua ikiwa katoni 233 zilizokosekana mwezi wa Januari ziliibwa, au kama hazikuwahi kuwapo.

Ikiwa ziliibwa, Tsuma atabaki na jina la mwizi. Ikiwa hazikuwahi kuwapo, kosa ni la mkono wa Bi Mwanarehema, na yeye ndiye aliyekwenda kulisema.

Bi Mwanarehema alizaliwa Mtongwe, Likoni, mwaka 1949, katika nyumba ya wakulima wa mihogo na minazi. Aliolewa, akaachika akiwa na watoto watatu, akavuka kuja upande wa Changamwe kutafuta kazi. Mwaka 1976 aliajiriwa katika ghala hilo kushona magunia yaliyotoboka, kwa shilingi nane kwa siku.

"Nilikuwa nakaa chini, pale penye ile mizani," anaeleza. "Mbele yangu alikuwa karani mmoja mzee, Bwana Ishaka, Mungu amrehemu. Miaka mitatu nilimwona anahesabu. Siku moja aliugua, nikachukua kalamu yake. Jioni hesabu ikatoka sawa. Basi sikurudi tena kwenye magunia."

Kalamu aliiweza kabla hajaweza maandishi. Mwaka 1980 alijiunga na kisomo cha watu wazima kilichofanyika jioni katika darasa la shule ya msingi, Chaani. Alikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, akajifunza kusoma, kuandika na kugawanya kwa njia ndefu. Daftari lake la hesabu la mwaka huo bado analo, limefungwa kwa karatasi ya sukari. Elimu ya jioni haina majoho wala ngoma, lakini mwenye nayo haachi kuitumia.

Kupokea mali ghalani kulikuwa na desturi yake. Mahamali husimama kwa mstari nyuma ya lori. Kiongozi wao, aliye juu, humtwika kila mmoja katoni begani na kuita hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kila hamali akipita mbele ya karani, karani hupiga mstari mfupi kwenye karatasi.

Ikifika kumi, kiongozi huita, "Tali!" na mahamali wote huitikia, "Tali!" Hapo mstari husimama kwa pumzi moja. Karani hukata ile mistari kumi kwa mstari mmoja mrefu wa kulala, na kiongozi huanza tena moja.

Kwa hiyo katika kila katoni kumi, mkono wa karani hutembea mara kumi na moja. Msomaji aliweke hilo akilini.

Mkono wa Bi Mwanarehema ulitembea hivyo tangu mwaka 1979. Siku ya shughuli nyingi ghala hupokea katoni elfu moja.

Mashine zililetwa Agosti 1996. Kijana aliyekuja kutoka Nairobi kuwafundisha aliwaeleza kwamba mistari myeusi iliyo kwenye lebo ni jina la bidhaa, na mashine hulisoma jina hilo kwa mwanga mwekundu. Ukibonyeza kitufe, hulia "tii", na katoni moja huongezeka katika kompyuta ya ofisini. Mahamali waliipa jina la tochi, na jina hilo likashika.

"Yule kijana alituambia tochi haina mjomba wala shangazi," anakumbuka Bi Mwanarehema. "Haipendelei, haisahau, hailali. Tukaambiwa karatasi zote zikachomwe nyuma ya choo. Nilizibeba mwenyewe. Kalamu niliificha."

Hakuichukia mashine. Anakiri kwamba ilimpunguzia maumivu ya vidole, na jioni hakuhitaji tena kujumlisha kurasa ishirini huku macho yakimwuma. Kwa mshahara wa shilingi 6,800 kwa mwezi, ambao kati yake 1,400 ni kodi ya vyumba viwili hapo Chaani, aliona ni heri kwenda na wakati.

Tsuma aliendelea kuita hesabu kama kawaida, ingawa hakuna aliyeiandika. Mahamali walisema bila kuitiwa, mzigo huwa mzito zaidi.

Kisha zikaja mvua za Elnino.

Tangu Oktoba 1997 mvua ilinyesha wiki baada ya wiki. Maji yalisimama Changamwe nzima, na malori yaliyotoka kiwandani, mtaa wa pili tu kutoka hapo, yalifika na maturubai yaliyochanika. Lebo zililowa. Wino wa mistari ulichuruzika kama wanja wa mtu aliyelia. Tochi ikimulika, hailii.

"Hamali amesimama na katoni begani, mvua inampiga, na mimi nabonyeza, nabonyeza, kimya," anasema. "Nyuma yake wenzake kumi na wawili. Na sabuni ikilowa, ujue ni hasara."

Kijana wa Nairobi alikuwa amewaachia dawa ya tatizo hilo: chukua lebo moja nzuri, uisome hiyo badala ya ile iliyoharibika. Bi Mwanarehema aliibandika lebo safi kwenye kipande cha katoni na kukivaa shingoni. Kila katoni ilipopita, alikisoma kipande hicho. Mahamali walikiita yaya, kwa sababu kilibeba watoto wasio wake.

Kwa siku tisa za mvua, kati ya Oktoba na Desemba, yaya alifanya kazi. Kila mtu aliridhika, hata meneja.

Lori linalotoka kiwandani huja na hati ambayo nafasi ya idadi imeachwa tupu. Ghala ndilo huijaza. Hakuna anayehesabu kabla yake, na hakuna anayehesabu baada yake mpaka mali yote ihesabiwe upya kila Januari.

Januari 1998, mali ilipohesabiwa kwa mkono, kompyuta ilidai katoni 233 zaidi ya zile zilizokuwa ghalani.

Bwana Kamau, meneja wa ghala, alimwita Bi Mwanarehema ofisini. Alimwuliza swali moja tu.

"Aliniuliza, 'Mama, hesabu yako ya kupokea ni sahihi?' Nikamjibu ni sahihi. Wallahi nilijibu kwa sauti kubwa. Nilisema kama mtu aliyetukanwa."

Ikiwa hesabu ya kuingia ni sahihi, basi katoni zilitoka. Na aliyekuwa wa mwisho kuondoka ghalani kila jioni, mwenye mahamali chini yake, alikuwa Tsuma. Hakukamatwa na kitu. Bawabu wa lango alisema hajawahi kumwona na hata kipande kimoja cha sabuni. Hakupelekwa polisi. Aliambiwa tu aende nyumbani, asirudi.

Tsuma anaishi Mikindani na mkewe na wajukuu wawili. Ghalani alikuwa akilipwa shilingi 150 kwa siku. Alipofukuzwa alikodi mkokoteni akawa anauza maji, mtungi kwa shilingi tatu.

"Maji si kazi mbaya," anasema. "Ubaya ni midomo. Nikipita na mkokoteni, watu wanasema, 'Bwana Sabuni, mbona shati lako chafu?' Mwanamke mmoja hununua maji kwangu kila siku, na kila siku ananiuliza kama leo nimekuja na kipande cha kufulia. Anacheka, nami nacheka. Ningefanya nini, nimwage maji yake?"

Mke wake aliacha kwenda kwenye chama cha kina mama cha mtaani. Hakuambiwa asiende. Aliona tu kwamba akiketi, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya unga.

Ghalani, kazi iliendelea. Hamali mwingine aliita hesabu badala ya Tsuma. Masika ya mwaka huu yalipoanza, yaya alirudi shingoni kwa Bi Mwanarehema.

Siku moja mwezi wa Mei, ilifika shehena ndogo ya sabuni ya hospitali. Kwa kuwa ilikuwa agizo maalumu, kiwanda kilikuwa kimeihesabu chenyewe na kuandika: katoni sitini. Mvua ilikuwa ikinyesha. Bi Mwanarehema alipokea kwa yaya, akakitazama kioo kidogo cha mashine. Kiliandika 66.

"Nikasema tochi imeugua. Nikazihesabu kwa kidole. Sitini. Nikafuta, nikaziandika sitini, nikaenda zangu nyumbani. Lakini ile sita ilinifuata njiani. Kwa nini sita? Kwa nini isiwe tano, isiwe saba?"

Kesho yake mvua ilinyesha tena. Safari hii hakuziangalia katoni. Aliuangalia mkono wake.

"Nane, tisa, kumi. Tali. Na mkono ukabonyeza. Hapakuwa na katoni mbele yangu, hapakuwa na mtu. Mkono ulikuwa unakata mstari wake, kama zamani. Na yaya yuko pale pale kifuani, anasomeka. Tii."

Siku za jua mkono ulikuwa ukifanya vivyo hivyo, ila mwanga uliangukia hewani au mgongoni mwa hamali, na mashine haikulia. Siku za mvua, yaya alikuwapo daima. Kila kumi ilisomeka kumi na moja.

Alimwendea Jerioth Nduku, msichana wa ofisini anayetunza kompyuta, akamwomba amchapishie mapokezi ya zile siku tisa za mvua. Jumla ilikuwa katoni 2,541. Jioni hiyo Bi Mwanarehema alilifungua daftari lake la kisomo, akapata ukurasa usio na maandishi, akagawanya kwa kumi na moja kwa njia ndefu. Ilitoka 231 kamili, bila baki.

Katoni 231 ambazo hazikuwahi kutengenezwa na mtu yeyote. Na zilizokosekana zilikuwa 233.

"Mbili zilizobaki sijui zilikwenda wapi," anasema. "Ghala ni ghala. Kuna panya, kuna watu. Lakini mtu hafukuzwi kwa katoni mbili."

Jerioth, aliyezaliwa mwaka ambao Bi Mwanarehema alikuwa na watoto wawili tayari, alimshika mkono.

"Nilimwambia, 'Mama, usimwambie mtu,'" anakiri Jerioth. "Nilimwambia sisi wawili tutajua, na mvua itakwisha, na yaya tutamtupa. Umebakiza miaka sita ustaafu. Mzee Tsuma ameshazoea maji yake. Nilisema hivyo. Leo naona aibu."

Bi Mwanarehema alinyamaza siku tisa. Alizihesabu: siku tisa za mvua, na siku tisa za kunyamaza. Anasema alikula, akaswali, akaenda kazini.

Siku ya kumi, Jumapili, alikwenda Mikindani.

Alimkuta Tsuma uani akiosha mitungi. Alimsimulia yote akiwa amesimama. Tsuma aliendelea kusugua mtungi mmoja mpaka alipomaliza, akaupindua, akauweka juani.

"Akaniambia, 'Sasa wataka nikupe pole?'" Bi Mwanarehema anasema. "Nikamwambia sitaki. Mkewe akanipa maji ya kunywa. Kiti hakunipa. Nikanywa nimesimama, nikarudi."

Jumatatu alimweleza meneja. Bwana Kamau, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anasema alilitazama lile daftari kwa muda mrefu.

"Nilimwuliza kama anajua anachojiandikia," anasema meneja. "Mimi ndiye niliyemfukuza yule mzee. Kwa hiyo si yeye peke yake aliyekuwa anaandikiwa. Lakini makao makuu hawawezi kula hesabu ya daftari. Walitaka kuona."

Ndiyo sababu, asubuhi hii ya Alhamisi, yuko Bwana Absalom, mkaguzi, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki na kalamu mbili mfukoni. Yeye mwenyewe alizihesabu katoni zilizopakiwa na kuandika idadi yake kwenye karatasi aliyoikunja. Si karani wala hamali aliyeambiwa ni ngapi.

"Anza," anasema.

"Moja," anaita Tsuma. Sauti inatoka na kukwaruza, kisha inasafika. Kenga anapita na katoni. Tii. Mbili. Tii.

"Kumi. Tali!"

"Tali!" mahamali wanaitikia. Mstari unasimama. Mkono wa Bi Mwanarehema umetulia kama jiwe.

Tali ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Unaweza kuona jinsi anavyoubana mkono usifanye kitu, na jinsi anavyojaribu kuacha kuubana. Bwana Absalom anaandika. Meneja anatazama viatu vyake.

Inapofika tali ya kumi, mkaguzi anainuka, anasoma kioo cha mashine, anaketi tena. Jerioth aliyesimama mlangoni pa ofisi anafunika mdomo kwa kiganja. Kila mtu anajua: kumi imesomeka kumi, mara kumi mfululizo.

Tali ya kumi na moja inapita hivyo hivyo.

Ni hapo ambapo Tsuma anabadilika. Haongezi sauti, anaongeza mwendo. Katoni inatua begani kabla ya hamali kujiweka sawa, na nambari inafuata nambari bila nafasi. Mahamali wanaanza kukimbia hatua fupi fupi. Jua limeshapanda juu ya mabati na ndani ya ghala hewa ni nzito. Bi Mwanarehema anapangusa paji la uso kwa bega, maana mkono mmoja una mashine na mwingine umemshika yaya. Goti la kushoto, lililomsumbua tangu mwaka juzi, anaanza kulipumzisha kwa kuegemea nguzo.

"Nane, tisa, kumi. Tali!"

"Tali!"

Tii.

Hakuna anayegeuka. Kenga anaangalia mbele kama askari. Tsuma hapumziki hata nusu pumzi. "Moja!"

Katika tali kumi na tisa za mwisho, hiyo ikiwamo, mashine inalia mara kumi na saba mbele ya hewa tupu. Bi Mwanarehema hajui. Lori linapokuwa tupu, anaketi juu ya mizani na kuuliza kama imeshindikana.

Bwana Absalom anaikunjua karatasi yake. Zilizopakiwa ni 300. Mashine imeandika 317.

Anarudia kuisoma, kisha anamgeukia. "Mama, nitakuuliza, na unijibu kweli. Hizi kumi na saba umezifanya makusudi?"

Bi Mwanarehema anailaza mashine mapajani. Amechoka, na uchovu wake si wa asubuhi hii tu.

"Ningetaka kufanya makusudi, Bwana, ningeanza na ya kwanza."

Mkaguzi anamtazama, anaitazama karatasi, anaikunja na kuitia mfukoni. Halafu anaomba maji ya kunywa.

Tsuma anateremka lorini polepole, mguu mmoja baada ya mwingine. Alipoulizwa baadaye kwa nini aliharakisha, alisema alikuwa ameona jambo ambalo wakubwa hawakuliona.

"Walimweka kwenye kazi ya kiangazi," alisema. "Kosa lile lilikuwa la mvua. Siku ya mvua hatuiti vile, siku ya mvua tunakimbia. Mimi niliita mvua tu."

Akampita Bi Mwanarehema, akasita. "Pole kwa goti," akamwambia, akaenda zake kwenye mkokoteni wake aliouacha nje ya lango.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Barua ya Tsuma ilikuwa na mistari minne: tuhuma zimefutwa, aripoti kazini Jumatatu tarehe 13 Julai. Hakuna aliyeandika neno la radhi. Mkewe aliikunja barua hiyo, akaenda nayo kwenye chama cha kina mama, akaiweka kwenye mkeka, akasubiri mpaka mwenye kujua kusoma aisome.

Barua ya Bi Mwanarehema ilikuwa ndefu zaidi. Amepewa onyo la mwisho, litakalokaa kwenye faili lake miaka miwili. Yaya amepigwa marufuku, na lebo sasa zitafunikwa kwa karatasi ya plastiki kiwandani. Na kuanzia siku hiyo, hairuhusiwi kuita hesabu kwa sauti wakati mali inapopokewa.

Jumatatu hiyo, lori la kwanza liliingia saa mbili na robo. Tsuma alipanda juu. Alimtwika Kenga katoni, akafungua mdomo, akaufunga.

Ghala lilikuwa kimya. Mahamali walipita kama watu wanaobeba jeneza, wakikosa hatua, na wawili waligongana mlangoni. Tochi ililia peke yake. Katoni ya kumi ilipopita, Tsuma alisita kwa pumzi moja. Hakuna aliyemwambia. Mahamali nao walisimama, miguu yao ikikumbuka.

Bi Mwanarehema aliishusha tochi ikaangalia chini. Kwa kidole cha mkono wa kushoto, kilichokuwa na vumbi la chaki, alikata mstari mmoja wa kulala kwenye nguzo ya tatu.

Hadi lori lilipokwisha, mistari ilikuwa kumi na minane, na mashine iliandika 180. Meneja aliiona nguzo. Hakuifuta.

Siku hiyo hiyo Bi Mwanarehema aliandika barua kwa makao makuu, kwa mwandiko wake wa kisomo cha jioni, herufi kubwa na zilizonyooka. Jerioth alijitolea kuipiga chapa, lakini Bi Mwanarehema akakataa. Haombi kuongezwa mshahara, wala kuondolewa onyo. Anaomba Tsuma aruhusiwe kuita tena, na yeye apewe kwa kila lori karatasi moja na kalamu, tochi aishike kwa mkono wa kushoto.

Akijaaliwa kufika mwaka 2004 atastaafu, arudi Mtongwe kwenye shamba la mamake, ambako, anasema, mihogo haihesabiwi mpaka iwe jikoni. Kwa sasa anangoja jibu.

"Mashine ibaki na hesabu yake, sina ugomvi nayo," anasema, akiinyoosha mikono yote miwili mapajani na kuitazama. "Mimi nataka mahali pa kuuweka mkono tu, ikifika kumi."